Vidole vya Bi Takwimu

Fundi mitambo alikuwa na hakika kwamba wale wawili ni wapenzi, na ungesikiliza ushahidi wake ungekubaliana naye. Yeye hukaa chumba cha nyuma, nyuma ya kioo, na kwa misimu miwili alichokiona kupitia kile kioo kilikuwa kilekile: Bwana Wiketi anatangaza mechi ya kriketi redioni, mkono wake wa kushoto umelala mezani, na Bi Takwimu amekaa ubavuni pake, vidole vyake juu ya kifundo cha mkono ule. Asubuhi mpaka jioni. Mechi ikiwa ya siku tano, basi siku tano.

"Hivi hamchoki kushikana?" aliwauliza asubuhi ile alipowaletea chai. "Mimi nikimshika mke wangu mkono ananiuliza nimepoteza nini."

Bwana Wiketi alicheka. Bi Takwimu aliinamia karatasi zake, masikio yakimwaka moto.

Maskini fundi, hakujua lolote. Katika misimu hiyo miwili wale watu hawakuwahi kubusiana wala kuambiana neno la mapenzi. Walishikana mkono kwa sababu Bwana Wiketi, mtangazaji aliyependwa kuliko wote, alikuwa hauoni mpira.

Macho yake yalikuwa yanaharibika katikati. Pembeni aliona vizuri tu, aliuona mlango, aliona mtu anakuja, alipanda ngazi bila kujikwaa. Lakini chochote alichokikazia macho kilifutika, kana kwamba mtu amekipaka majivu. Daktari alimwambia kwa upole kwamba dawa haipo na kwamba lile doa litazidi kutanuka. Na mpira wa kriketi ni kitu cha kutosha kiganjani, kinarushwa kwa kasi ya gari. Utauona wapi?

Kwa hiyo walikuwa na lugha yao. Kidole kikipita juu ya kifundo, mrushaji ameanza kukimbia. Kugongwa mara moja, mbio moja. Mara mbili, mbio mbili. Kiganja kizima kikilazwa, mpira umevuka mstari, mbio nne. Na vidole vyote vitano vikibana kwa nguvu, mpigaji ametolewa. Hapo ndipo Bwana Wiketi alipojaza kifua na kutoa ule mlio uliompa jina, "Wiketi hiyooo," na madereva barabarani wakapunguza mwendo. Mengine yote aliyajaza mwenyewe, kwa masikio na kwa uzoefu.

Hakuna aliyekaa chini kuitunga lugha ile. Bi Takwimu aliajiriwa kumpa takwimu za wachezaji tu, ndiyo maana wakamwita hivyo. Siku moja akamsikia anasifia mbio nne ambazo hazikupigwa, akamshika mkono kumzuia, akamgonga mara moja, naye akajirekebisha palepale kwa mzaha. Mechi ilipokwisha walisimama ngazini.

"Umejua lini?" Bwana Wiketi alimuuliza.

"Tangu ulipoanza kusoma gazeti ukiwa umeligeuzia sikio."

"Utamwambia nani?"

"Kwani nimeulizwa na nani?"

Yakaishia hapo. Kesho yake akasogeza kiti chake karibu, na hata makala ya gazeti ya kila Jumatatu Bwana Wiketi akawa anayasema kwa mdomo naye Bi Takwimu anaandika. Bi Takwimu hakuwa anamhurumia, msinielewe vibaya. Bwana Wiketi alianza kwa kuandika matokeo ya mechi za shule kwenye kona ya mwisho ya gazeti, kona ambayo watu hufungia karanga. Alikabidhiwa maikrofoni siku mtangazaji mkuu aliposhikwa na kwikwi katikati ya mechi, na tangu hapo hakuirudisha. Hakuwa na kingine duniani. Mke aliyewahi kumwoa aliondoka akisema amechoka kuolewa na redio. Bi Takwimu aliyajua haya yote, na bado kila asubuhi alivaa gauni lililonyooshwa vizuri kwa ajili ya mtu ambaye hawezi hata kuliona.

Tena Bwana Wiketi alikuwa na namna yake ya kumtazama. Kwa kuwa katikati hapaoni, akitaka kukuona kweli ilimbidi akwepeshe macho, atazame ukuta ulio kando yako. Wageni walidhani ana dharau. Bi Takwimu alichukua muda kuizoea, kisha ikawa ndiyo raha yake: akimwona anakazana kutazama dirisha, anajua anatazamwa yeye.

Sasa siku ile, siku ya mwisho ya mechi, Bi Takwimu alikuja na neno la kusema. Alilitoa wakati wa mapumziko ya chakula, fundi aliposhuka kununua soda. Bi Takwimu alikuwa anamenya yai.

"Leo ni siku yangu ya mwisho," alisema.

"Siku ya mwisho ya mechi ni ya mwisho kwetu sote."

"Ya kazi. Jioni watu wa yule mhandisi aliyeniposa wanakuja nyumbani kuchukua jibu. Harusi ikipita tunaondoka, anajenga madaraja huko ng'ambo."

Bwana Wiketi aligeuza uso akatazama ndoano ya kutundikia makoti. "Na jibu ni lipi?"

"Mama ameshatoa la kwake. Limebaki langu."

Nje wafanyakazi wa uwanja walikuwa wanafagia, na sauti ya mafagio ilisikika mpaka juu.

"Hongera," Bwana Wiketi alisema.

Bi Takwimu akaliweka yai chini. "Umesema nini?"

"Nimesema hongera. Ni kijana mwema, ulinieleza mwenyewe."

"Nilikueleza ili unikataze, bwana mkubwa. Mwanamke mzima anakueleza habari za mwanamume mwingine wiki tatu, ulidhani napiga porojo?"

Na kweli mhandisi alikuwa mtu mwema, hilo ndilo lililomuudhi Bi Takwimu zaidi. Angekuwa mlevi au mchoyo mambo yangekuwa rahisi. Lakini alikuwa mpole, alimsalimia baba mtu kwa adabu, alimletea mama mtu dawa ya magoti bila kuombwa. Utamkataa vipi mtu kama huyo bila kuonekana umerogwa?

"Na wewe utafanyaje nikiondoka?" aliuliza.

"Nitaumwa koo. Watangazaji huumwa koo. Halafu nitasahaulika taratibu."

"Niambie nibaki."

"Siwezi."

"Una mdomo wa kusema siku tano mfululizo, neno moja linakushinda?"

"Nikikwambia ubaki, utajuaje kama ni mimi ninayesema au ni haya macho?" Sauti yake ilishuka, sauti ambayo redioni hawajawahi kuisikia. "Kesho utakaa hapo, utanishika mkono, na moyoni utajiuliza, huyu ananipenda au ananitumia? Utajiuliza kila siku mpaka tuzeeke."

"Basi niondolee shaka leo. Ni lipi?"

Aligeukia tena ndoano ya makoti.

"Hapo ndipo penye kazi, bibie. Hata mimi sijui. Nikiamka asubuhi nakuwaza wewe. Halafu nakumbuka kuna mechi. Nimejaribu kuvitenganisha, nimeshindwa."

Mwanamume mwingine angedanganya, na Mungu angemsamehe. Huyu alichagua saa ile kuwa mkweli. Bi Takwimu alijisikia kumpiga na lile yai. Machozi yalimjia, akayafuta kwa mgongo wa mkono, akashukuru kwa mara ya kwanza kwamba yule mtu haoni vizuri.

Kabla hajajibu simu yake ikaita. Mama yake.

"Umeshamaliza huko?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Sasa ni mapumziko, watu wanakula."

"Mchezo gani huo watu wanakwenda kula wanarudi? Sikiliza, baba yako anakuja kukuchukua na gari. Usitoroke."

"Sitoroki, mama."

"Maana nakujua. Yule mtu wako wa redio, siku zote hizi hata kuja kunisalimia hajaja. Umri wenyewe wa mjomba wako. Anatangaza, anatangaza, nia yake ameitangaza lini?"

Simu ya mama huwa na sauti kubwa, na kile chumba ni kidogo. Bwana Wiketi alivaa hedifoni zake taratibu kama mtu ambaye hakusikia.

Mchana ule timu ya nyumbani ilikuwa taabani. Ilibaki saa moja tu ya mchezo. Nahodha alikuwa ndiye tegemeo, amesimama na gongo lake anazuia mpira baada ya mpira, na wote walijua akitolewa yeye mechi imekwisha. Nchi nzima ilikuwa imebandika sikio redioni. Bi Takwimu aliweka vidole pale pa siku zote. Kifundo kilikuwa cha moto, na mshipa ulikuwa unapiga haraka kuliko kawaida.

Walifanya kazi vizuri kupita siku zote, hilo lazima niliseme. Alimgonga, naye akasema. Akampitishia kidole, naye akavuta pumzi na wasikilizaji wakavuta naye. Ungewasikia usingejua kwamba pale mezani kuna watu wawili ambao mioyo yao imevunjika.

Kila baada ya mipira sita huwa kuna tangazo fupi la biashara. Tangazo linapokwisha, taa nyekundu huwaka mezani kuonyesha maikrofoni iko wazi. Taa ile ndogo Bwana Wiketi hakuiona. Ilikuwa kazi ya Bi Takwimu kumgonga. Tangazo la sabuni lilikuwa linamalizika, mwanamke anaimba habari za povu, Bwana Wiketi akamgeukia, akatazama ndoano ya makoti kwa macho yaliyojaa maji, akasema:

"Baki."

Taa ilikuwa imewaka.

Bi Takwimu aliiona. Aliona pia mrushaji ameshaanza kukimbia. Lakini lile neno lilikuwa limempata kifuani, na mkono wake ukafanya kitu ambacho mkono wa mwanamke yeyote ungefanya. Ulimshika. Vidole vyote vitano, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayening'inia.

Uwanjani nahodha aliuzuia mpira, ukafia miguuni pake.

"Wiketi hiyooo," Bwana Wiketi alipaza sauti, na sauti ikamkatika katikati. "Nahodha ametoka, wasikilizaji. Ametoka. Tumaini letu limetoka."

Siku nyingine angegundua kwamba wachezaji wageni hawakushangilia. Siku ile masikio yake yalikuwa yamejaa neno lake mwenyewe. Watazamaji walikuwa kimya, na yeye akaona kimya kile kinafaa, ni kimya cha msiba. Akaendelea. Akaeleza jinsi nahodha alivyoinamisha kichwa. Akaeleza anavyovua glovu, mkono mmoja kisha mwingine. Aliyaeleza kwa uchungu wa kweli, kwa sababu uchungu alikuwa nao, na majumbani watu wazima walianza kulia.

Nahodha alikuwa amesimama palepale anafunga kamba ya kiatu.

Bi Takwimu aliganda. Lugha yao ilikuwa na neno la kila kitu, mbio moja, mbio nne, kidole cha mrushaji, ila hawakuwahi kutunga alama ya kusema umekosea. Hawakuwahi kuihitaji. Alimgonga mara moja, akaona atadhani ni mbio moja, akaondoa mkono. Alipouondoa akamwacha gizani kabisa. Nyuma ya kioo fundi alikuwa amesimama anapunga mikono yote miwili, simu tatu zinalia kwa pamoja.

Mpira uliofuata nahodha aliupiga ukavuka mstari, na uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Bwana Wiketi alinyamaza katikati ya neno. Alielewa. Mtu aliyeishi kwa masikio hahitaji kuelezwa shangwe za nani hizo. Mdomo ulibaki wazi na hakuna kilichotoka, na redio ya nchi nzima ikawa kimya.

Mtu ilibidi aseme. Bi Takwimu aliivuta maikrofoni. "Samahani sana, wasikilizaji," alisema. "Nahodha bado yupo. Amepiga mbio nne." Kisha, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea, akaendelea mpaka mwisho. Mechi iliisha sare. Hakukumbuka hata neno moja alilolisema.

Taa ilipozimika fundi aliingia na simu mkononi, amefunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Mkuu wa vipindi. Anauliza kama umelewa."

"Ni mimi," Bi Takwimu alisema haraka. "Mwambie kosa ni langu, mimi ndiye—"

"Mwambie sioni," alisema Bwana Wiketi.

"Huoni nini, kaka?"

"Mpira. Huu msimu wa pili sijauona."

Fundi alimtazama, akautazama mkono wa kushoto pale mezani, wenye alama nyekundu za vidole vitano. Alikaa juu ya boksi la nyaya. "Na mimi nilikuwa nawatania," alisema. Akamweleza mkuu kwa sauti ya chini, akasikiliza sana, mwishowe akasema, "Ndiyo, nitamwambia," na akatoka bila kumwambia. Hapakuwa na haja.

Wakabaki wawili. Bi Takwimu alifunga mlango akaegemea.

"Kazi yako imekwisha," alisema. "Na yangu imekwisha. Hakuna mechi kesho, hakuna taa, hunihitaji kwa lolote. Lile neno ulilolisema, liseme tena sasa. Sasa hivi nitaliamini, na wale wageni wa mama wanywe chai yao waondoke."

Bwana Wiketi alisimama. Aligeuza uso polepole mpaka akawa anatazama dirisha, na akakaa vile muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama katika misimu yote miwili. Alianzia nywele. Bi Takwimu alijua, alisikia kabisa yale macho yanavyopita usoni mwake, kwenye kola, kwenye lile gauni lililonyooshwa.

"Nenda," alisema.

"Nini?"

"Nenda nyumbani. Waambie ndiyo."

Bi Takwimu hakukasirika. Angependa kukasirika, ingemsaidia. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kupiga hesabu yake chenyewe. Mtu aliyetaka macho tu, leo ndiyo angesema baki, maana leo ndiyo anayahitaji kuliko jana. Kesho nani atamsomea barua? Nani atamwambia basi lile linakwenda wapi? Doa linatanuka, kazi hana, mke hana, na bado anamwambia aende. Jibu alilolitafuta misimu miwili alikuwa amelipata. Ananipenda, alijiambia. Huyu mtu ananipenda, na sina la kufanya nalo.

"Ni ukatili huo," alisema.

"Najua."

"Ungenidanganya mchana, ungesema unanipenda, ningeshaamua."

"Mchana nilikuwa sijui." Alipapasa meza, akapata hedifoni, akazikunja vizuri kama mtu atakayezitumia kesho. "Sasa najua, na ndiyo maana nasema nenda. Nitakuwa mzigo, bibie. Usinitazame nikiwa mzigo."

Bi Takwimu alimsogelea. Alitaka kumshika mkono na akaogopa kuushika, kwa kuwa hakujua tena mkono ule utamwambia nini. Walisimama hivyo, karibu kabisa, mpaka honi ikapigwa chini. Ilikuwa honi ya baba.

Baba yake alikuwa mwamuzi wa kriketi mpaka alipostaafu, mtu wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Alikuwa ameegesha nje ya geti, redio ya gari imezimwa. Bi Takwimu aliingia akafunga mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilikuwa nawasikiliza hapa tangu saa tisa."

Bi Takwimu alifunga mkanda.

"Mpigaji akitolewa, wale wanaorusha wanapiga kelele kama wendawazimu. Sikusikia kelele. Nikajiuliza, huyu anatazama nini? Nikaelewa hatazami kitu." Alisafisha koo. "Na kabla ya hapo nilisikia anamwambia mtu abaki. Watu watadhani alikuwa anamsihi nahodha. Mimi si mtoto."

"Ndiyo, baba."

"Nimekaa hapa nimetunga hotuba ndefu. Nilitaka kukwambia sikukulea uwe fimbo ya mtu. Kwamba mwanamume anayekuomba uache maisha yako umshike mkono ana ubinafsi, na wale watu waliopo sebuleni kwangu ni watu wema." Aliweka mkono kwenye ufunguo. "Haya. Amekwambia nini huko juu?"

"Amesema niende. Amesema niwaambie ndiyo."

Baba alitoa mkono kwenye ufunguo akauweka mapajani. Alitazama mbele, kwenye geti, ambako watu wa mwisho walikuwa wanatoka uwanjani wakibishana habari za nahodha.

"Hilo baya," alisema mwishowe. "Angesema ubaki, ningejua la kumwambia."

Bi Takwimu akaanza kulia, kwa sauti, bila kujificha, jinsi alivyokuwa hajalia mbele ya baba yake tangu utotoni. Baba hakumwambia anyamaze. Alitafuta leso mifukoni, hakuipata, akampa kile kitambaa cha kufutia kioo.

"Nifanye nini, baba?"

Yule mzee alikuwa amezoea kuulizwa na kujibu papo hapo, kwa kidole kimoja juu, na wachezaji ishirini na wawili wakatii. Safari hii kidole kilibaki mapajani.

Simu yake ikaanza kuita juu ya dashibodi. Waliitazama wote wawili. Ilipoita mara ya pili akaipokea, na sauti ya mama ikajaa gari lote: wageni wamefika, mhandisi amekaa anasubiri kwa adabu, chai inapoa, mko wapi?

"Tuko njiani," baba alisema, na gari lilikuwa bado halijawashwa.